Mama akipata kansere ya ziwa, nyumba yote ina kazi

Wewe mwenye unafanya kazi chini ya udongo unajua desturi ya kugonga mwamba. Kiisha baruti kulipuka, mbele ya watu kurudi mahali pa kazi, mumoja anachukua chuma kirefu, anagonga juu, anasikiliza. Jiwe zima linalia kama kengele. Jiwe lenye kuachana na mengine linalia kama ngoma. Hakuna mutu wa akili anasikia ile sauti ya ngoma na kusema: «Bado halijaanguka, tufanye kazi, tutaona kesho.» Anarudi nyuma, anaita kapita, na jiwe linaangushwa mbele halijaangukia mutu.

Sasa tunakuuliza. Usiku mumoja bibi yako anakuambia: «Baba Mapasa, ninasikia kitu kigumu katika ziwa la kushoto. Hakiumi.» Utamujibu nini?

Wengi wanajibu: «Kama hakiumi, si kitu. Lala, mama.» Kisha wanageukia ukuta. Lakini ile ilikuwa sauti ya ngoma. Kansere ya ziwa, katika siku zake za kwanza, mara nyingi haileti maumivu. Maumivu yanakuja nyuma, wakati ugonjwa umekwisha kupanda mpaka kwapani, ao kuingia katika mifupa, katika ini, katika mapafu.

Ni kweli kwamba vivimbe vingi vya ziwa si kansere. Lakini wewe si wa kusema kipi ni kansere na kipi siyo, na jirani yako pia siyo. Munganga anashika kwa mikono, anatazama kwa mashini, halafu anatoa kipande kidogo cha nyama kwa sindano ili kitazamwe na mikroskopi. Njia ya kujua kweli ni hiyo. Alama zenye kuita ku hospitali ni hizi: kivimbe kigumu katika ziwa ao kwapani, ngozi yenye kuvutwa ndani ao yenye kuwa kama ganda la chungwa, ncha ya ziwa yenye kuanza kuingia ndani ao kutoa damu, ziwa moja lenye kubadilika sura, kidonda kisichopona. Wanaume nao wasicheke: kwa wagonjwa 100 wa kansere ya ziwa, karibu mumoja ni mwanaume.

Katika mwaka wa 2022, wanawake karibu milioni 2,3 duniani walipata ugonjwa huu, na 670.000 hivi walikufa nao. Ukipatikana mapema, wengi wanapona. Kwetu Afrika wagonjwa wengi wanafika ku hospitali wakati kivimbe kimekwisha kuwa kidonda. Katika mwaka wa 2021 Shirika la Afya la Ulimwengu, ile tunaita OMS, lilianzisha kazi kubwa juu ya kansere hii. Linaomba kwamba tangu siku mugonjwa anajionyesha kwa munganga mpaka siku ya kujua jina la ugonjwa zisipite siku 60. Siku 60 ni mishahara miwili. Zinapita upesi, hasa kama jamaa inazila.

Jamaa inavyokula siku

Tuseme Mama Mapasa amekwenda ku hospitali, kipande cha nyama kimetazamwa, na munganga amesema: ni kansere. Jioni ile ile lupango inajaa watu. Jamaa ya bwana inasema ugonjwa ulitoka kwa watu wa bibi. Jamaa ya bibi inauliza ni nani alikasirika wakati wa mahari. Mumoja anakumbuka jirani mwenye macho mabaya. Mwingine anasema sababu ni feza alizokuwa anaficha katika nguo ya kifua wakati wa kwenda ku soko. Wa tatu anamujua mufumu, mutu wa nguvu, lakini anakaa mbali na anataka mbuzi. Kesho mukutano tena. Juma lijalo shangazi atafika na treni, hatuwezi kukata shauri bila yeye. (Mwandishi wa ukurasa huu amekwisha kuketi katika mikutano ya namna hii. Chai ilikuwa nzuri kuliko mashauri.)

Wakati huo wote kivimbe hakingojei shangazi.

Tuseme wazi. Kansere ya ziwa ni chembe za mwili wa mutu mwenyewe zenye kuanza kuzaana bila kipimo. Hakuna mutu alizitupa pale. Haikuletwa na feza katika nguo, wala na mutoto mwenye kuuma wakati wa kunyonya, wala na kugongwa ku mulango. Haiambukizi: munaweza kula sahani moja, kulala kitanda kimoja, kumubeba mutoto mumoja. Kuzeeka kunaongeza hatari, na katika jamaa zingine hatari inapita kwa damu. Kwa hiyo kama mama na dada yake wote wameugua, binti zao wamuambie munganga. Lakini kwa wagonjwa wengi hakuna awezaye kusema sababu gani imemupata huyu na si yule. Hilo linauma, tunajua. Watu wanapenda kuwa na mutu wa kushitaki.

Kama wewe ni mukubwa wa jamaa na watu wamekutana, kataa kesi ya kutafuta mulozi, na uulize maneno matatu tu. Ni nani atakwenda naye ku hospitali siku iliyoandikwa? Ni nani atabaki na watoto? Feza za njia zinatoka wapi? Mukimaliza hayo matatu, mumefanya mukutano wa maana, na watu wanaweza kurudi kwao mbele ya giza.

Tena, juu ya sala na dawa za majani. Mutu akitaka kuombewa, aombewe. Nguvu ya moyo inatoka mahali pengi. Lakini hakuna aliye na ruhusa ya kumuambia mugonjwa aache dawa ili aonyeshe imani yake. Na majani yanayochemshwa nyumbani yanaweza kugombana na dawa ya hospitali ndani ya ini. Munganga aambiwe yote anayokunywa, bila haya. Munganga si polisi.

Masikio manne ni mazuri kuliko mawili

Mutu aliyeambiwa «una kansere» hasikii maneno yenye kufuata. Munganga anasema dakika kumi, yeye amebaki ku lile neno la kwanza. Kwa hiyo asiende peke yake. Mutu mwenye anamusindikiza achukue kitabu kidogo na kalamu, aandike: kivimbe kina ukubwa gani, kimefika kwapani ao bado, dawa inaitwaje, siku ya kurudi ni ipi. Aulize pia: «Munganga, hii dawa ni ya kuponyesha ao ya kutuliza?» Swali hili ni gumu, lakini jamaa isiyouliza itatembea gizani.

Muandike vilevile mahali pa kufanyia kila kazi, maana si kila hospitali ina kila kitu. Wengine wa Katanga, wakihitaji kuchomwa na miali, wanavuka Kasumbalesa kwenda ku hospitali ya kansere ya Lusaka katika Zambia, iliyofunguliwa katika mwaka wa 2007. Mbele ya kutoa feza za safari, munganga atume barua ao apige simu kuuliza kama mashini inafanya kazi na kama nafasi iko. Mashini ya miali ni kama mashini zetu za ku mugodi, nayo inaharibika. Usipeleke mugonjwa mupaka ngambo ya mupaka ili akasome karatasi ku mulango.

Juu ya feza, kwenda ku ofisi ya wafanyakazi ni kazi ya siku ya kwanza. Uliza kompani inalipa nini kwa bibi aliyeandikwa katika kitabu chako, na nini hailipi. Usingoje mpaka umeuza kabati na radio. Wenzako wa ekipi nao wanaweza kufanya jambo: kubadilishana zamu ili uwe huru siku ya dawa, ao kukuacha uchukue likelemba mbele ya zamu yako. Usifiche ugonjwa kwa wenzako kama ni aibu, lakini umuulize kwanza bibi yako kama anakubali uwaambie. Ziwa ni lake, habari ni yake.

Siku za dawa ya mushipa

Wagonjwa wengi wanapewa dawa ya kutiwa katika mushipa, ile waganga wanaita shimioterapi. Mara nyingi inarudi kila siku 21, mara nne, sita ao zaidi. Dawa hii inaua chembe zinazozaana upesi. Kansere inazaana upesi, lakini nywele pia, na ngozi ya ndani ya kinywa, na damu nyeupe yenye kutulinda. Kwa hiyo mugonjwa anatapika, anachoka, anapata vidonda kinywani, na kunako juma la pili ao la tatu nywele zinaanguka. Dawa moja ya namna hiyo ina rangi nyekundu, nayo inafanya mukojo uwe mwekundu siku moja ao mbili. Si damu, musiogope.

Lakini kuna jambo moja la kuogopa, na tunaomba kila mutu wa nyumba alijue, hata mutoto wa miaka kumi. Ni homa.

Kunako siku ya 7 mpaka ya 14 kiisha dawa, damu nyeupe inashuka sana. Kilulu kidogo ambacho juzi hakikuweza kumusumbua kinaweza kumuua kwa siku moja ao mbili. Huku kwetu mutu akipata moto mwilini tunasema: «Ni maleria tu,» tunamupa vidonge vilivyobaki ku kabati, tunamufunika blanketi, tunangoja asubuhi. Kwa mutu mwenye kupata dawa ya kansere, kungoja asubuhi kunaweza kuwa kosa la mwisho. Nunueni kipima-homa. Kikionyesha digri 38, ao mugonjwa akitetemeka kwa baridi, mumupeleke ku hospitali saa ile ile, hata saa nane za usiku, hata kama mvua inanyesha. Musimupe kwanza kidonge cha kushusha moto, maana kinaficha alama. Na ku mulango wa hospitali neno la kwanza lisiwe «ana homa». Liwe: «Anatiwa dawa ya kansere, mara ya mwisho ilikuwa tarehe fulani.» Neno hilo linamupitisha mbele ya musitari. Mupange toka mapema ni nani mwenye gari ao piki-piki katika kambi atakubali kuamushwa usiku.

Kwa siku mbili kiisha dawa, dawa yenyewe inatoka katika mukojo, katika matapiko, katika jasho. Mwenye kuosha vyombo vyake ao mashuka avae mifuko ya mikono ya mpira. Choo kimwagiwe maji vizuri. Bibi mwenye mimba asifanye kazi ile. Wewe unavaa mifuko ya mikono kwa kushika asidi ku kiwanda. Hapa ni akili ile ile.

Chakula: usimulazimishe sahani kubwa. Kidogo, mara nyingi, kile anachopenda. Harufu ya samaki wakavu inaweza kumugeuza tumbo, basi pikeni mbali. Bukari laini, uji wa karanga, yai lililochemshwa mpaka ndani, maharagi, ndizi, machungwa yaliyooshwa. Maji yachemshwe. Kila mutu anawe mikono, na wageni wenye kukohoa wasalimie toka ku dirisha. Hawatakasirika kama utawaambia sababu. Na kama watakasirika, watapona.

Kiisha kupasuliwa

Wagonjwa wengi wanapasuliwa. Kwa wengine kivimbe tu kinatolewa, kwa wengine ziwa zima. Kama tezi za kwapa zimetolewa pia, mukono wa upande ule unaweza kuvimba, hata kiisha miaka. Waganga watamufundisha namna ya kuunyosha na kuuinua pole pole. Wewe umukumbushe kila asubuhi, maana unauma na atataka kuacha. Majuma ya kwanza asibebe ndoo ya lita 20 na asitwange sombe. Vijana wa nyumba wana mikono. Waganga wanapenda sindano na kipimo cha damu vifanywe ku mukono mwingine. Jeraha la jembe ao la moto ku mukono ule lioshwe mara moja, na likiwa jekundu na la moto, ku hospitali.

Sasa, bwana, tuseme na wewe peke yako.

Siku bendeji inatoka, yeye atatazama kifua chake, halafu atatazama uso wako. Hatakuuliza kitu. Lakini swali liko pale: utanirudisha kwetu? Pengine amekwisha kusikia ndugu zako wakisema katika lupango: «Bado wewe ni kijana, mwanamuke huyu amekwisha.» Tumeona wanaume wenye kuwasikiliza. Walimufunga bibi vitu vyake wakasema anakwenda kupumzika kwa mama yake, na hawakurudi kumuchukua. Mutu wa namna hiyo, ku mugodi hatungependa awe nyuma yetu wakati mwamba unalia.

Wewe fanya hivi: mbele ya ndugu zako, kwa sauti ya kawaida, sema mara moja, «Mama Mapasa ni bibi yangu, dawa itaendelea.» Mara moja inatosha kama umesema kweli. Kisha, nyumbani, usijifanye hakuna kilichobadilika. Muulize: «Unataka nikusaidie kubadilisha bendeji, ao unataka mama mudogo?» Muulize kama anataka kushikwa ao kuachwa kidogo. Usibahatishe. Wengine wanataka kusema juu ya ugonjwa kila jioni, wengine wanataka kusikia habari za mupira na bei ya unga tu, kama zamani. Juu ya mambo ya kitanda, hakuna hatari ya kuambukizwa; kuna uchovu, maumivu na haya. Ngoja. Lakini wakati wa dawa mimba haifai, na vidonge vya kawaida vya kuzuia mimba mara nyingi havimufai pia, basi muongee na munganga ninyi wawili.

Na wakwe wa kike: mama mukwe akija kusaidia, apewe kazi iliyo wazi, kama kupika ao kulala na watoto. Asiachwe kuwa mulinzi wa mulango wa kukataza watu wote. Mugonjwa anahitaji rafiki zake.

Watoto wanasikia kupitia ukuta

Musiwaambie kwamba mama amekwenda kununua kitambaa. Wanaona. Mutoto mudogo akiachwa bila neno anaweza kufikiri ugonjwa ulitoka kwake, sababu alikuwa mukaidi, ao sababu alinyonya sana. Muambieni: «Mama ana ugonjwa katika ziwa, jina lake kansere. Wewe hukumuletea. Dawa itamuchokesha na nywele zitaanguka. Unaweza kukaa naye.» Inatosha.

Kuna kosa moja tunaliona mara nyingi sana. Mama akilala, binti mukubwa anatolewa ku masomo. Anapika, anafua, anaosha mugonjwa, anabeba mutoto. Hakuna aliyemuuliza. Mama anapona kiisha mwaka, lakini binti harudi tena ku darasa, na ugonjwa umekula watu wawili. Bwana, hesabu vizuri: dada yako, shemeji yako, kijana wako wa miaka kumi na mitano mwenye kuzunguka na mupira, wewe mwenyewe siku ya zamu ya usiku kiisha kulala. Kupika bukari hakumugeuzi mwanaume kuwa kitu kingine.

Mwenye kuchunga mugonjwa naye alale. Akikesha mausiku mengi, badilishaneni kama ekipi.

Wakati anaonekana muzima

Hapa ndipo jamaa nyingi zinalegea. Dawa ya mushipa imekwisha, nywele zimerudi, Mama Mapasa anauza tena mandazi mbele ya mulango. Lakini kama kansere yake ni ya namna ile yenye kulishwa na homoni, munganga amemupa tamoksifeni: kidonge kimoja kila siku kwa miaka 5, wengine 10. Anaona joto la gafula, anatoka jasho usiku, na hana ugonjwa wa kuonekana. Jirani anamuambia: «Sababu gani unameza dawa na wewe ni muzima?» Naye anaacha. Umujibu jirani wewe. Ukihesabu vidonge na kuona vimebaki vya juma moja, nenda kutafuta vingine. Usingoje chupa iwe tupu.

Pengine pia ugonjwa unarudi, ao ulipatikana ukiwa umekwisha kupita mbali. Hapo kazi ya jamaa haikwishi. Mugonjwa hapaswi kulia usiku kucha ili majirani wajue anaumwa. Dawa za maumivu ziko, na morfini ya kunywa ni moja yao. Munganga anaipima, na inatolewa kwa saa, mbele maumivu hayajapanda. Ulizeni, na mukijibiwa vibaya ulizeni tena. Muketi naye. Akitaka kusema juu ya watoto wake watakaa wapi, musimukatize kwa kusema «usiseme hivyo, utapona». Muache aseme, muandike.

Kwa yule mwenye kuendelea vizuri, munganga atamuita kila miezi michache, halafu mara moja kwa mwaka, ku kushikwa kifua na kwapa, na picha ya ziwa lililobaki kama mashini iko. Andika tarehe hizo kwa kalamu nyekundu ku kalenda ya ukuta, pale pale unapoandika zamu zako za usiku. Zikikutana siku moja, umuambie kapita juma moja mbele.